Kaseti ya harusi ya mwaka 1993, shuka jeupe, na taarabu iliyokatika sauti: yaliyotokea uani kwetu Ngamiani

#1 Mwana wa Barabara ya 12

Habari zenu wanajamvi. Naandika nikiwa kwa mama, Ngamiani, Tanga mjini, na koo limenikauka kwa kuimba. Jana usiku tumeangalia taarabu uani, ukoo mzima na nusu ya mtaa, na tangu alfajiri nageukageuka kitandani usingizi hauji. Nawaeleza ilivyokuwa, kisha naomba ushauri kwa wenye uzoefu, maana jambo hili hatutaki liishie hapa.

Chanzo ni kaseti ya video. Mama mdogo aliolewa mwaka 1993, na usiku wa harusi kililetwa kikundi cha taarabu kikapiga hapahapa uani. Jamaa mmoja alikuja na kamera ile kubwa ya kubeba begani akaichukua shughuli yote. Kaseti imekaa kwenye sanduku la mama miaka zaidi ya thelathini, imeviringishwa kwenye leso pamoja na chetezo na kitambulisho cha marehemu baba. Mashine ya kuichezea ilishakufa zamani. Mwezi uliopita nikaipeleka kwa fundi mmoja anayehamisha kaseti kwenda kwenye flashi. Baada ya wiki mbili ananiambia picha imetoka yote, saa moja na dakika kumi, ila sauti inafika dakika ya 23 halafu inapotea kabisa. Utepe umeingia ukungu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Taarabu isiyo na sauti utaifanyia nini? Lakini mama alishawaambia majirani, na visheti vilishapikwa. Nikakodi projekta. Shuka jeupe la sita kwa sita tukalibana kwenye kamba ya kuanikia nguo, chini tukalikandamiza kwa matofali maana upepo wa huku mnaujua. Wanawake wakakaa mbele mikekani, wanaume nyuma kwenye mabenchi na barazani, watoto popote palipobaki. Mama akafukiza udi. Nikamwambia, mama, hii ni video tu. Akanijibu, "Wageni hawakuja kwenye video. Wamekuja kwenye taarabu."

Watu waliporudi kuswali isha nikawasha.

Jamani. Kinanda, gitaa, besi, ngoma za bongo, na kijana wa cherewa (manyanga) kakaa pembeni kama hayumo lakini akikosea yeye wote wanapotea. Ule mpigo wetu wa Tanga usio na haraka. Mwimbaji ni mwanamke wa makamo, kasimama wima, mikono kaikutanisha tumboni, uso umetulia kama maji ya mtungini. Binti yangu ana miaka kumi na moja, amezoea hizi za kwenye simu ambazo mwimbaji haachi kuruka. Akauliza, "Bibi, mbona hachezi?" Mama akamwambia, "Yeye kazi yake kusema. Kucheza kazi yetu." Na kweli pale kwenye shuka walikuwa wanainuka mmoja mmoja, noti juu, bega linatangulia, kiuno kinafuata taratibu, wanakwenda kumtunza na kurudi kinyumenyume bila kumpa mgongo.

Dakika ya 23 ikafika. Sauti ikakwaruza, ikazimika. Mdomo wa mwimbaji unaendelea, kinachosikika ni pikipiki za barabarani tu. Nikanyanyuka nizime. Mama akasema, "Acha." Mama mdogo, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesogea mbele kabisa anamwangalia yule mwimbaji mdomoni. Akasema, "Huu ule wa chombo na nahodha." Akauanzisha kwa sauti ndogo. Wa pili akapokea. Kufika kwenye kiitikio wanawake wote wanaimba, tena wanamfuata yule wa kwenye shuka hatua kwa hatua: akifunga mdomo wananyamaza, gitaa likipewa nafasi (unaona vidole tu vinatembea) wanapiga makofi ya pole, akifungua mdomo wanaingia naye. Ubeti wa tatu ukawashinda. Wakatazamana. Bi mkubwa mmoja wa nyumba ya pili, ana miaka themanini na ushee, alikuwa kwenye kiti chake hajatamka neno tangu afike. Akautoa ubeti mzima, mstari kwa mstari, hakukwama hata mahali pamoja.

Mimi nimesimama na rimoti mkononi, mwili umenisisimka wote.

Binti yangu akauliza kama nahodha alizama. Mama mdogo akamweleza kwamba pale hakuna bahari. Chombo ni mke, nahodha ni mume asiyejua kushika usukani, na wimbo ule uliombwa usiku ule na wifi yake makusudi ili bwana harusi ausikie mapema. Bwana harusi mwenyewe, baba mdogo, alikuwa benchi la nyuma. Akasema kwa sauti, "Na nikausikia!" Miaka thelathini na zaidi na bado anamjibu wifi.

Halafu akatokea mama. Mama yangu ana miaka ishirini na tisa, gauni la kijani, kikuba cha asumini kifuani, anakwenda kutunza na anazunguka njia ndefu ili apite mbele ya mwanamke fulani, noti anaipunga usoni mwake. Uani wakapiga vigelegele maana wanaijua habari. Nikamuuliza mama yule ni nani. Akamwonyesha jirani aliyekaa naye mkeka mmoja, ndiye aliyepika visheti. Wakashikana mikono wakaendelea kuangalia.

Na baba. Sekunde kama kumi hivi, nyuma karibu na mlango wa jikoni, kasimama kabeba mtoto aliyelala begani. Mtoto ni mimi. Mama hakusema kitu. Picha ikapita kwa watu wengine. Baadaye kidogo akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Nikarudisha tena. Hakuna mtu uani aliyelalamika.

Ilipokaribia kwisha shangazi akainuka, noti ya elfu juu, akacheza mpaka kwenye shuka, akaiweka chini pale kwenye tofali. Wakafuata wengine. Watoto walicheka mwanzo, kisha wakaomba sarafu na wao. Zimepatikana 23,500. Tumekubaliana apelekewe mpiga kinanda wa usiku ule, yu hai, ni mzee wa mtaa wa tatu kutoka hapa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Nyimbo hizi nyingi ninazo kwenye simu. Nazisikiliza garini, peke yangu, miaka yote. Sikuwahi kujua wimbo wa chombo unamsema nani. Nilikuwa na sauti, sikuwa na watu wa kunifungulia maneno. Jana sauti haikuwepo na nikausikia wimbo wote.

Sasa naomba ushauri: sauti ya nje inawekwaje vizuri? Je, kibali kinahitajika? Na tuonyeshe nini tena?

#2 Binti Pangani

Umeniliza mgosi. Hapo penye "rudisha" nimeweka simu chini nikatoka nje.

Sisi Pangani tuna deni na taarabu maana Bi Shakila, yule mwimbaji, ni wa kwetu. Alizaliwa Pangani mwaka 1947, akaimba na Black Star, akaimba na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, na mpaka anatutoka Agosti 2016 sauti yake ilikuwa bado inatambulika kwa neno la kwanza tu. Bibi yangu alikuwa akisikia Shakila redioni anaacha kuchambua mchele. Anaweka ungo chini, anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anaendelea. Ulikuwa humsemeshi.

Kwa wadogo wanaosoma hapa: Unguja walikuwa na zile taarabu za fidla nyingi, ganuni, nai na udi, safu kwa safu za watu, kukaa na kusikiliza kwa utulivu. Tanga ikachukua gitaa la umeme, besi na kinanda, kundi dogo linaloweza kuingia uani kwa mtu, na mwanamke mbele. Mpigo ukawa wa kuchezeka. Ndiyo maana Black Star ilisikika mpaka Mombasa na mbele ya hapo. Ilikuwa taarabu ya uani tangu asili yake, kwa hiyo mlipoirudisha uani mmeirudisha kwao.

#3 Fundi Spika

Mkuu, mimi nafunga vyombo vya muziki kwenye shughuli, nikujibu kwa mpangilio ninavyoujua.

Kwanza usiikatie tamaa kaseti. Kwenye kaseti hizi za VHS picha imeandikwa kwa mishazari katikati ya utepe. Sauti ya kawaida imeandikwa pembeni kabisa, kwenye ukingo, kijistari cha upana wa milimita moja. Ukingo ukikunjamana au ukiliwa na ukungu, sauti inakufa na picha inabaki, ndicho kilichokupata. Lakini wakati mwingine sauti ipo, ni hedi ya sauti ya mashine ile, kile kichwa kinachosoma utepe, haikai sawasawa juu yake. Usiicheze tena kabla haijasafishwa, kwa sababu ukungu unahamia kwenye hedi na kuharibu zaidi. Tafuta fundi anayesafisha utepe kwa mkono, mwambie ajaribu mashine mbili tofauti na arekebishe hedi kwa kusikiliza. Unaweza kupata hata nusu ya kilichopotea.

Spika. Ya projekta ni ya kuambia tu kwamba imewaka, achana nayo. Weka spika mbili, moja kila upande wa shuka, ziinue zifike usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Watu wanapenda kuziweka nyuma ya watazamaji. Usifanye hivyo, jicho linaangalia mbele sikio linavutwa nyuma, watu wanachoka. Na punguza besi! Rekodi za zamani ukiziongeza besi zinavuma na maneno yanazama, na taarabu ni maneno. Pandisha kati, pale ilipo sauti ya mtu. Jipime hivi: kaa mkeka wa mwisho, kama unasikia herufi za mwisho za mstari, vina vinaingia sikioni, hapo basi, usiongeze tena.

Shuka likunjwe mara mbili mwanga usipenye, na livutwe pembe zote nne. Mkunjo mmoja unapita usoni mwa mwimbaji unaharibu kila kitu.

#4 Kibarua wa Mkonge

Nasubiri muendelezo. Mtupeleke na kwa huyo mzee wa kinanda.

#5 Mjukuu wa Vugiri

Wakuu, habari ya shuka na projekta mkoani Tanga ina mizizi mirefu kuliko tunavyodhani. Kuanzia mwaka 1935 mpaka 1937 Waingereza waliweka mradi wa sinema pale Vugiri, milimani, wilaya ya Korogwe. Walitengeneza filamu fupi za kufundisha kilimo, afya na mambo ya fedha, wakazizungusha kwa lori lenye jenereta kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda, na nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, lugha mbalimbali, na santuri inachezwa pembeni wakati picha inakwenda.

Nimekumbuka hilo niliposoma mama mdogo wako anampa sauti mwimbaji aliyenyamaza. Tofauti ni kubwa lakini. Wale walikuja na maneno yao kwenye santuri, watu wetu wakapewa kazi ya kukaa na kufundishwa. Uani kwenu maneno yalikuwa vifuani mwa waliokaa mkekani.

#6 Mama wa Watatu, Chumbageni

Nakupongeza kaka, na nina neno kama mzazi. Mimi watoto wangu siwapeleki tena kwenye shughuli za usiku. Ukiondoka na nia ya taarabu unakuta imegeuka kitu kingine, mipasho ya matusi ya wazi, halafu inaingia baikoko, ngoma ya kukatika vile ambavyo siwezi kukaa na baba mkwe tukaangalia. Naipenda ngoma ya kwetu, nimekulia ndani yake. Bibi yangu alicheza mdumange na kila mtu nyumbani alimwangalia, wakwe kwa wajukuu. Baikoko yenyewe wazee wanasema ilikuwa na mahali pake na watu wake. Tatizo ni kuitoa mahali pake ukaiweka mbele ya mtoto wa miaka saba saa nne usiku.

Kwa hiyo naomba, mtakapoendelea, mtu mzima aangalie kwanza kila kitu kabla hakijawekwa kwenye shuka. Mafumbo kama ya chombo na nahodha mtoto anayapata kadiri ya umri wake. Leo anaona bahari, akikua ataona ndoa. Tusi la wazi halina ngazi hiyo.

#7 Mwana wa Barabara ya 12

Mama wa Watatu, ahsante dada yangu, umesema la maana na nimemsomea mama. Amesema tangu sasa kaseti yoyote anaiangalia yeye kwanza na chai ya saa kumi. Nimeifurahia hiyo kwa sababu najua atafurahi kuwa na kazi hiyo.

Fundi Spika, kaseti nimeshaitoa kwa fundi wa kwanza. Kesho inakwenda kwa mzee mmoja wa redio za zamani. Mungu akujalie.

#8 Dunda Pwani

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Nimesoma uzi wote mara mbili.

Huku sisi tulianza na skrini ya jirani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, lakini Zanzibar walikuwa na TVZ, Televisheni Zanzibar, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na sisi tupo ng'ambo yao tu. Mwenye televisheni mtaani alifunga antena juu ya mlingoti mrefu ameielekeza baharini. Kulipokuwa na taarabu anaitoa sebuleni anaiweka dirishani ikitazama nje, watu tunakaa mchangani. Upepo ukigeuza antena mtoto anapanda kuisogeza na ua zima linamwelekeza, "Hapo! Hapo! Umepita!" Kwa hiyo kuangalia muziki kwenye skrini, kwangu mimi, tangu mwanzo ni kitu cha watu wengi. Hii ya kila mtu na kioo chake kiganjani ndiyo ngeni.

Upande wa jukwaa tuna bahati. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, mwaka uliofuata likaanza tamasha, na linaendelea kila mwaka, mara nyingi Septemba au Oktoba. Tangu 2007 chuo kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ukumbi wa zamani uliungua mwaka 2002. Nakumbuka watu wazima walilia siku ile, watu ambao hawajawahi kupanda jukwaani maisha yao yote, kwa sababu walikaa pale na watoto wao kila mwaka. Ulipojengwa upya wakarudi.

Mtu anayetaka kujua muziki wa familia ni nini aje asikie habari ya akina Zawose. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, akaishi na kufundisha hapa Bagamoyo, ilimba (marimba ya vidole gumba) na zeze lake vikazunguka dunia. Alifariki Desemba 2003. Nyumbani kwake muziki haukuwa wa mtu mmoja, walikuwa watoto, wajukuu, ndugu. Wanawake waliitikia, walicheza, walipiga ngoma ya muheme ambayo kwa Wagogo ni ya wanawake, ila mbele walisimama wanaume. Sasa binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wamesimama mbele kwa jina la Zawose Queens, mwaka 2024 wakatoa albamu yao na kupiga kwenye matamasha makubwa Uingereza. Waliyajua yote kwa kukaa ndani ya muziki tangu utoto. Hakuna aliyewaita darasani. Ninamwaza huyo binti yako wa miaka kumi na moja aliyekuwa anauliza maswali.

Ushauri mmoja wa anayepeleka watoto kila mwaka: mtoto aliyeketi anasinzia. Sogea naye mbele karibu na wapigaji, aone mkono unavyopiga ngozi, aone jasho. Wangu alikuwa anaogopa ngoma kubwa mpaka mpigaji mmoja alipomwachia aweke kiganja juu ya ngozi wakati inapigwa. Sasa ana miaka tisa, na tangu siku hiyo hanyamazi, kila sufuria ya jikoni ni ngoma.

#9 Barua ya Mtaa

Kuhusu kibali. Nyumbani kwako na ndugu zako hakuna shida, lakini umesema nusu ya mtaa ilikuja. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, andika siku na saa ya kumaliza, upewe barua. Inakulinda ikitokea jirani ana mgonjwa au msiba. Kama kuna msiba, hata kama unayo barua, ahirisha. Na msitoze kiingilio. Mkianza kutoza inakuwa biashara kwa kazi za watu, hapo mnaingia kwenye Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na mambo ya leseni. Fedha ya kutunza mpeni mzee, hiyo ni ada yetu.

#10 Kiti cha Majestic

Mimi ni mtu mzima, nimeishi Tanga enzi sinema ya Majestic inajaa. Mnazungumza taarabu na skrini, hamjaitaja filamu ya Kihindi! Nyimbo zilikuwa nusu ya filamu. Familia nzima inakwenda, mama kavaa, watoto wamepakwa mafuta, na hakuna aliyejua Kihindi pale ila machozi yanatoka kwa wakati mmoja. Ukitoka, kesho yake uji unakorogwa kwa tuni ile. Watunzi wetu wa taarabu wakazichukua tuni hizo, wakavisha maneno ya Kiswahili, na mwezi haujaisha unaisikia harusini na mtu analia tena, safari hii anajua kwa nini.

Tafuteni mtu anayekumbuka ipi ilitoka wapi. Muonyeshe kipande cha filamu, halafu wapigeni wimbo wetu. Wazee watafurahi mno.

#11 Ukhti wa Muscat

Ndugu zangu, mimi Mtanga niko Oman mwaka wa kumi na tatu. Mkifanya tena, jamani, mnipigie video. Nitakaa na simu hata kama ni shuka tu naliona.

#12 Mwana wa Barabara ya 12

MUENDELEZO. Samahani nimekawia, wiki tatu sasa.

Yule mzee wa redio ameusafisha utepe kwa pamba na subira, akahangaika na hedi siku mbili. Zimepatikana dakika kumi na moja zaidi, zina mvumo lakini maneno yanasikika. Na ndani yake umo wimbo wa chombo wote. Nikaona hii zawadi ya kupeleka kwa mpiga kinanda pamoja na ile tuzo yake.

Tulikwenda na mama, mama mdogo na binti yangu. Mzee anaishi na mwanawe, macho yamepungua nguvu, vidole bado. Mama alimpa fedha kwa mikono miwili akamwambia, "Hizi zako, za tangu mwaka 1993, zimechelewa." Alizipokea akazishika muda mrefu bila kuzihesabu. Nikafungua laputopu, nikamwekea spika ndogo karibu. Akainamisha kichwa. Hakuuliza ni shughuli ya nani wala mwaka gani. Vidole vikaanza kutembea juu ya paja.

Ulipofika ubeti wa tatu mama mdogo akaguta. Maneno si yale! Ule ubeti alioutoa Bi mkubwa wa nyumba ya pili, uliotutoa machozi uani, haumo. Kwenye kaseti mwimbaji anaimba ubeti mwingine, mpole, wa kuwaombea maharusi kheri. Mama mdogo akasema basi Bi mkubwa amechanganya, umri huo. Mzee akainua mkono.

Akasema, "Hakuchanganya. Huo wake ndio ulioandikwa." Akauanza, ndio uleule, neno kwa neno, anahesabu mizani kwa vidole vya mkono wa kushoto, nane na nane, kutuonyesha kwamba umekaa sawa. Akatueleza kwamba ubeti ule ulikuwa mkali, unamgusa mzazi wa nahodha aliyemlea mwanawe bila kumfundisha bahari. Usiku wa harusi baba yake bwana harusi alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa. Mwimbaji alipofika pale akamtazama yule mzee wa watu, akaubadilisha palepale jukwaani, akatunga mwingine huku anaimba. Yeye kwenye kinanda alishtuka, na ukisikiliza vizuri kuna mahali kinanda kinasita. Nikarudisha. Kweli, kinasita.

Mama akauliza, sasa Bi mkubwa aliupata wapi kama haukuimbwa? Mzee akacheka sana. "Mazoezi yetu yalikuwa wapi? Si uani kwake? Yeye ndiye alikuwa anatupikia chai. Sisi tulikuwa tunakosea maneno, yeye anaturekebisha kutoka jikoni."

Miaka yote tumeishi nyumba ya pili kutoka kwake. Nilikuwa natumwa kwake chumvi.

Jioni binti yangu alikwenda mwenyewe na daftari. Ameandika beti zote mbili, ule wa mtunzi na ule wa harusini, na Bi mkubwa amemwambia kuna nyimbo nyingine tano anazozikumbuka za mazoezini ambazo hajazisikia kwa mtu tangu wakati huo. Wamefika ya pili. Kila siku baada ya madrasa anakwenda kukaa naye jikoni, na mimi nimekatazwa kuingia na simu kurekodi mpaka Bi mkubwa aruhusu. Nimetii.

Barua ya mtaa nimepata. Tutafanya tena Jumamosi ya wiki ijayo, tunaonyesha zile dakika zilizopona, na mzee wa kinanda atakuja. Amesema haji kuangalia tu, kwa hiyo natafuta kinanda cha kuazima. Kiti cha Majestic, njoo na tuni zako za Kihindi, tunakuwekea nafasi benchi la mbele. Mama wa Watatu, lete watoto, mama ameshapitisha kila kitu.

#13 Fundi Spika

Kinanda kipo, nalala nacho dukani. Nitakileta na spika mbili, silipishi. Nataka nisikie mahali kinaposita.

#14 Ukhti wa Muscat

Saa ngapi huko? Nijipange na kazi.

#15 Mwana wa Barabara ya 12

Saa mbili na nusu usiku, kwako saa tatu na nusu. Nitakuweka kwenye kiti karibu na Bi mkubwa. Anauliza wewe ni mtoto wa nani, na kama mama yako alikuwa anaimba.